Waulize Walimu: Baiolojia kwa Simu, Kutoka Ngamiani hadi Pangani

Barua za safari hii nyingi zimetoka Tanga na wilaya zake. Waandishi ni vijana wanaosoma baiolojia ya sekondari mtandaoni, pamoja na wazazi wao. Wengine wanajiandaa na mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) kama watahiniwa wa kujitegemea, wengine wameandikishwa shule za nje. Tumechagua sita na kuzifupisha.

*Shikamooni walimu. Narudia kidato cha nne kwa kozi ya mtandaoni. Kila video naitazama mara tatu, na maswali mafupi ya mwisho wa somo napata 9 kati ya 10. Ukija mtihani wa mada nzima naambulia 40. Nakosea wapi? (Kijana wa Ngamiani)*

Marahaba. Yale maswali mafupi yanakujia dakika mbili baada ya video, jibu lingali linaelea kichwani, na juu ya hayo ni ya kuchagua. Unalitambua jibu kama unavyomtambua mtu uliyekutana naye soko la Mgandini: sura unaijua, jina limekutoka. Mtihani unataka jina.

Kutazama mara ya pili na ya tatu kunaongeza wepesi wa kutambua, si nguvu ya kukumbuka. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alionyesha tangu mwaka 1885 jinsi tulichojifunza kinavyomomonyoka upesi siku za mwanzo. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke wa Marekani waliwalinganisha wanafunzi waliosoma maandishi yaleyale tena na tena na wale waliosoma kisha wakajipima kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Wewe upo kwenye ile dakika ya 5, unajiona umeiva.

Basi video itazame mara moja tu, lakini uisimamishe kila wazo linapokamilika, yaani kama kila dakika 6 au 7. Geuza simu kifudifudi. Kwenye karatasi tupu andika na uchore ulichokipata, bila kuchungulia. Ndipo ufungue na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Kesho soma kile chekundu peke yake, halafu uchore upya kutoka kichwani siku ya 3, ya 7 na ya 21. Programu ya Anki, ya kadi za maswali na majibu, inaweza kukupangia siku hizo kwenye simu ya Android bila malipo, hata kama huna bando, mradi kadi uziandike mwenyewe. Kadi za kupakua za wengine hazikai kichwani vile.

Jaribu na moyo. Damu iliyopungukiwa oksijeni inaingia atria (chumba cha juu) ya kulia kwa vena kava, inapita vali ya trikaspidi na kushuka ventrikali (chumba cha chini) ya kulia, inakwenda mapafuni kwa ateri ya mapafu, inarudi atria ya kushoto kwa vena za mapafu, inapita vali ya baikaspidi hadi ventrikali ya kushoto, kisha inatoka kwa aota. Karibu kila anayechora bila kutazama huteleza mahali palepale. Huweka upande wa kulia wa moyo kulia kwa karatasi, ilhali mchoro ni wa mtu anayekutazama, hivyo kulia kwake ni kushoto kwako. Huandika kwamba ateri hubeba damu yenye oksijeni, na ateri ya mapafu inamkatalia: ateri ni mshipa utoao damu moyoni, basi. Tena huchora kuta za ventrikali unene mmoja, wakati ya kushoto ni nene zaidi kwa kuwa inasukuma damu mwili mzima na mwenzake anasukuma hadi mapafuni tu. Chora kwa penseli, mstari mmoja usiorudiwarudiwa, bila kutia kivuli. Mistari ya majina uipige kwa rula, isipishane.

*Mimi ni mama wa hapa Makorora. Binti yangu anasoma baiolojia katika shule ya mtandaoni ya Marekani yenye makao New York. Kazi za wiki mwisho wake ni Jumapili saa 11:59 PM ya kwao. Tangu Novemba amekuwa akituma Jumatatu asubuhi saa moja na nusu, zikapokelewa zote. Tangu katikati ya Machi wanamwambia kachelewa. Nimgombeze nani?*

Usimgombeze mtu, dada yetu. Saa zao zimesogea, zetu hazisogei. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi, New York iko nyuma ya Tanga kwa saa 8, kwa hiyo saa 11:59 PM ya Jumapili yao ni Jumatatu saa 1:59 asubuhi kwetu. Miezi mingine tofauti ni saa 7, na mwisho unakuwa saa 12:59 asubuhi. Binti anachelewa nusu saa bila kujua. (Kwa shule za Uingereza tofauti ni saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa kiangazi, wao hubadili Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba.)

Aingie kwenye mipangilio ya akaunti yake ya kozi na kuchagua saa za Dar es Salaam, au Nairobi kama Dar haimo, ili mfumo umwonyeshe saa ya hapa. Hata hapo atahadhari: 6:59 AM ni saa 12:59, si saa 6:59. Tumeona watoto werevu wakiponzwa na hili. Dawa iliyo bora kuliko hesabu zote ni kutuma Jumapili kabla ya magharibi, apige picha ya skrini inayoonyesha kazi imepokelewa. Umeme ukikatika usiku, yeye kishamaliza.

Na ukumbuke mapema kwamba cheti cha sekondari cha nje hupelekwa NECTA kulinganishwa kabla ya kuombea chuo hapa nchini. Iulizeni shule sasa itatoa nyaraka zipi, msingoje binti amalize.

*Niko Pangani, mtahiniwa wa kujitegemea. Majaribio yote kwenye kozi yangu ni video. Maabara sina, hata darubini sijawahi kuigusa. Naweza kupasi kwa kutazama tu?*

Kwa kutazama tu, la. Lakini sehemu kubwa ya jaribio ni kupanga, kupima, kuona na kuandika, na hayo jikoni yanafanyika.

Anza na wanga. Nunua duka la dawa iodini ya kusafishia vidonda, uichanganye na maji mpaka ipate rangi ya chai ya rangi. Weka kwenye sahani vipande vya muhogo mbichi, wali, ndizi mbichi na ndizi iliyoiva hadi ikawa na madoadoa, pamoja na tone la maji matupu. Dondoshea iodini matone 2 kila kimoja. Muhogo, wali na ndizi mbichi vitakuwa bluu-nyeusi. Ndizi iliyoiva itabadilika kidogo tu, kwa sababu vimeng'enya vimeshageuza wanga wake kuwa sukari. Tone la maji litabaki na rangi ya iodini, na hicho ndicho kidhibiti chako, yaani cha kulinganishia vingine. Usijaribie juisi ya machungwa, hata yawe ya Muheza: vitamini C huipausha iodini na utadhani umegundua jambo.

Kuandika ndiko kunakowaangusha wengi. Safu ya ulichokiona inataka rangi: "rangi ya kahawia imegeuka bluu-nyeusi". "Kuna wanga" ni hitimisho, likae safu yake. Na pasipobadilika kitu usiandike "hakuna rangi", andika "rangi ya kahawia ya iodini imebaki".

Osmosisi, yaani maji kupita utando wa seli kuelekea penye chumvi au sukari nyingi, yataka kiazi mviringo kibichi au papai bichi. Menya kabisa, kwani ganda huzuia maji, kisha kata vipande 9 vya milimita 50 kwa 10 kwa 10. Chukua vikombe 3 vyenye mililita 200 za maji: cha kwanza maji matupu, cha pili robo kijiko cha chai cha chumvi, cha tatu kijiko kizima. Tia vipande 3 kila kikombe, funika, ngoja saa 3. Vitoe, uvifute maji ya juu kwa namna ileile vyote, upime. Kilichotoka milimita 50 kikawa 47 kimepungua asilimia 6: tofauti gawa kwa urefu wa mwanzo, zidisha kwa 100. Wengi hugawa kwa urefu wa mwisho na kukosa alama ya bure. Kwenye maji matupu kipande huwa kigumu na hurefuka kidogo. Kwenye chumvi nyingi hulegea kama mlenda. Kile cha robo kijiko mara nyingi hubadilika kidogo sana, na watu hudhani jaribio limeharibika. Halikuharibika. Mchanganyiko ule umekaribiana na maji ya ndani ya seli za kiazi, na hapo ndipo penye maswali mazuri ya mtihani. Usitumie kiazi kilichochemshwa hata kidogo, maana utando wa seli umeshakufa na hauchuji tena.

Kwa upumuaji wa seli usiotumia oksijeni, tafuta chupa 3 za nusu lita na maputo 3. Ya kwanza: mililita 150 za maji ya uvuguvugu, yale ya kumkogeshea mtoto, sukari vijiko 2 vya chai na hamira kijiko 1. Ya pili vivyo hivyo bila sukari. Ya tatu hamira uikoroge kwanza kwenye maji yanayochemka, uiache ipoe, ndipo utie sukari. Vika maputo midomoni. Ndani ya dakika 30 au 40 la kwanza litasimama kwa kaboni dioksidi, la pili litajikongoja, la tatu litalala kwa kuwa hamira imekufa. Angalia usinunue beking pauda. Hiyo hutoa gesi kwa kemia tu, haina kiumbe hai ndani, na chupa ya tatu itakudanganya.

Jaribio la jani linahitaji tahadhari. Jani laini, kama la mchicha, lililopigwa jua tangu asubuhi lichemshe kwenye maji dakika 1 au 2. Kisha zima moto kabisa. Weka jani kwenye kikombe chenye spiriti, na kikombe ukikalishe ndani ya bakuli la maji ya moto. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78 tu na mvuke wake hudaka moto, kwa hiyo haipandishwi jikoni hata siku moja. Jani likishapauka, lioshe kwa maji ya uvuguvugu lilainike, lidondoshee iodini. Jani la mwembe halifai, ni gumu na lina nta.

Yaliyobaki ni ya maabara, wala usijaribu kununua kemikali zake. Ila yajue kwa moyo. Benedikti, kimiminika cha kupimia, kwa sukari rahisi: changanya kiasi sawa, pasha kwenye maji yanayochemka dakika kadhaa, rangi hutoka bluu kwenda kijani, njano, machungwa hadi nyekundu ya tofali. Sukari ya mezani haitoi jibu mpaka kwanza uichemshe na asidi hafifu, kisha uondoe ukali wa asidi kwa magadi soda. Ukisahau magadi, Benedikti hafanyi kazi kwa sababu hutaka hali ya besi. Biureti kwa protini hutoa zambarau na haipashwi moto, na hapa ndipo watahiniwa wengi huandika "pasha" kwa mazoea. Sudani III kwa mafuta hutoa tabaka jekundu linaloelea juu.

Unapojisajili kwa mtihani, kiulize kituo chako mapema vitendo vitafanyikaje na kama wanakubali watahiniwa wa kujitegemea waingie maabara siku chache kabla. Siku 3 ndani ya maabara, zikitumika kwenye darubini na Benedikti, zinakutosha ikiwa hayo ya juu umeyafanya kwa mikono yako.

*Nasoma kutoka Muheza. Kozi yangu imejaa mifano ya misitu ya baridi na wanyama wa theluji. Naikariri kama kasuku. Naruhusiwa kutumia mifano ya huku?*

Unaruhusiwa, na ungekosea kutoitumia, alimradi swali halikukutajia kiumbe fulani. Wachache wana mifano mizuri kama mkoa wako.

Swali la viumbe kuzoea mazingira, nenda ufukweni maji yakitoka. Mchu, ambao jina lake la kisayansi ni *Avicennia marina*, huchomoza mizizi juu ya tope kama penseli zilizochomekwa, kwa kuwa tope lile halina oksijeni. Pindua jani lake uone chembe za chumvi: mti unaitoa nje kupitia majani. Mkoko wenyewe, *Rhizophora mucronata*, husimama kwa mizizi ya magongo, na mbegu zake huota zingali mtini, zikidondoka zimekuwa miche. Hapo una hoja 4 na sababu zake.

Uzazi usiotumia jinsia, chukua mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893; vikonyo 1,000, yaani vichipukizi vinavyoota kwenye mlingoti wa maua yake, vilisafirishwa kutoka Florida, vikafika vizima 62, na mashamba ya pwani yakaanzia hapo. Mimea iliyotokana na vikonyo hufanana kijeni na mama yake, kwa hiyo ugonjwa unaoweza kumwua mmoja unaweza kuwaua wote. Mwanafunzi anayeeleza hivyo amejibu na swali linalofuata, lile la umuhimu wa tofauti za kijeni. Isitoshe mkonge hufungua stomata (vitundu vya jani) usiku na kuzifunga mchana ili usipoteze maji.

Mageuko, unaye samaki silikanti. Wanasayansi walidhani ametoweka tangu enzi za dainosaria, akaja kuvuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Tanga nako akanaswa nyavuni, na mwaka 2009 ikaundwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Ila usiandike kwamba yeye ndiye babu wa wanyama wa miguu minne. Ni binamu, na samaki wenye mapafu wako karibu zaidi na ukoo huo. Wala usiandike kuwa hakubadilika kabisa; umbo lake limebadilika kidogo, jeni zake zimeendelea kubadilika.

Jina la kisayansi lipigie mstari unapoandika kwa mkono: neno la kwanza kwa herufi kubwa, la pili kwa ndogo.

*Wanangu, mjukuu wangu kila zoezi analiuliza akili mnemba, ananakili, anapata alama nzuri. Mimi naona kama anatwanga maji kinuni. Mnasemaje? (Mzee wa Raskazone)*

Shikamoo mzee wetu. Umeona sawa, lakini usimnyang'anye simu. Mgeuzie kazi: badala ya kuomba jibu, aiambie programu "niulize maswali 10 ya meiosisi, moja moja, usinipe jibu mpaka nijaribu". Kisha jibu alilinganishe na kitabu cha Taasisi ya Elimu, kwani programu hizi hukosea kwa sauti ya uhakika. Na wewe unaweza kumpima bila kujua baiolojia. Mwambie akueleze kwa Kiswahili tofauti ya mitosisi na meiosisi, namna mbili za seli kugawanyika, akiwa ameacha simu chumbani. Kama anaelewa, atakueleza kwamba mitosisi hutoa seli 2 zinazofanana na ya mwanzo, na meiosisi hutoa 4 zenye nusu ya kromosomu, zisizofanana. Akianza kutafutatafuta maneno, umeshajua.

*Mambo nayaelewa kwa Kiswahili, Kiingereza kinanifunga. Na bando nalo linakwisha kabla ya wiki. (Dada wa Korogwe)*

Kwa lugha, usikariri maneno marefu, yavunje. Mengi yametoka Kigiriki na Kilatini na vipande ni vilevile: foto ni nuru, hidro maji, hemo damu, erithro nyekundu, luko nyeupe, saiti seli, lisisi kuvunja. Ukivijua hivyo, erithrosaiti ni seli nyekundu, lukosaiti ni seli nyeupe, hidrolisisi ni kuvunja kwa maji, na hemolisisi, hata kama hujawahi kuiona, ni kupasuka kwa seli za damu. Vipande 40 hivi vitakufungulia sehemu kubwa ya silabasi.

Jifunze pia maneno ya kuamrisha ya maswali, maana alama zinapotelea huko. "State" ni kutaja tu, sentensi moja inatosha. "Describe" ni kueleza kinachoonekana au hatua zake. "Explain" inadai sababu, na jibu lisilo na kwa nini ndani yake halijajibu.

Bando: video ya 360p hula takribani MB 300 kwa saa, na zile za ubora wa juu zaidi ya mara mbili ya hapo, kwa hiyo shusha ubora kwanza. Pakua usiku kwa wiki nzima, kisha tazama bila mtandao. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka kwenye maktaba yao ya mtandao bila malipo. Majaribio ya kuigiza ya PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado, unaweza kuyapakua mara moja yakafanya kazi bila intaneti. Lile la uteuzi wa asili lina sungura: wageuze rangi ya manyoya, walete mbwa mwitu, hesabu wanaobaki kila kizazi, na uandike jedwali kwa mkono wako kabla hujatazama grafu yao.